Meli Haina Konda wa Kuambiwa "Ngoja": Namna ya Kufika Bandari ya Mombasa Siku ya Meli

Binamu yangu anafua nguo kwenye meli ya watalii. Mashuka, taulo, aproni za wapishi, kila siku, miezi minane au tisa mfululizo, kisha anarudi nyumbani kwa likizo fupi na kuondoka tena. Mara ya mwisho alipoondoka, mtoto wake alikuwa hajaanza kutembea. Kwa hivyo Desemba ile alipotuandikia kwamba meli yao itatia nanga Mombasa kwa siku moja, Jumanne, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na kwamba huenda akapewa masaa matatu ya kushuka, hakuna mtu nyumbani aliyeuliza kama tutaenda. Swali lilikuwa moja: tutafikaje?

Sisi tuko Nairobi. Tulikuwa watu wanne: shangazi, yaani mamake binamu, mkewe, yule mtoto, na mimi ambaye hupewa kazi ya "wewe ndiye unajua mambo ya simu". Nafanya kazi ya kuwaelimisha wateja kuhusu malipo, kwa hivyo ungetarajia kwamba safari yangu mwenyewe haingekuwa na kasoro. Ilikuwa nayo, na ya kwanza ilitugharimu shilingi 4,800 kabla hatujatoka nyumbani. Nitafika hapo.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka, kuanzia karibu Novemba hadi Machi au Aprili, meli za watalii huja Mombasa, na wanaoenda bandarini siku hiyo si watalii peke yao. Kuna familia za mabaharia kama sisi. Kuna wauza vinyago na vikoi, madereva wa magari ya watalii, waongozaji, wacheza ngoma. Mwanzoni mwa mwaka 2024 meli ya Norwegian Dawn ilifika na wageni zaidi ya elfu mbili, mbali na wafanyakazi wake wapatao elfu moja. Hiyo ni biashara ya siku moja tu. Ukifika kesho yake utakuta maji.

Anza na saa ya meli, si na nauli

Watu wengi huanza kwa kuuliza "basi ni pesa ngapi, treni ni pesa ngapi". Sisi pia tulianza hapo, tukabishana jioni nzima. Jambo la kwanza lilipaswa kuwa saa. Meli inaingia lini, inatoka lini, na yule unayekwenda kumwona ana dakika ngapi kati ya hapo.

Ratiba ya meli hubadilika. Upepo, bandari iliyotangulia, foleni ya kuingia. Mamlaka ya Bandari ya Kenya, KPA, huweka kwenye tovuti yake orodha ya meli zinazotarajiwa, na pia kuna programu za simu kama MarineTraffic zinazoonyesha meli iko wapi baharini. Angalia wiki moja kabla, angalia siku mbili kabla, na uangalie usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Halafu kuna mtego ambao sikuujua. Meli huwa na saa yake. Ikiwa imetoka Shelisheli, ambako saa iko mbele ya Kenya kwa saa moja, huenda wafanyakazi bado wanafuata saa ile. Binamu yangu anaandika "0930", sisi tunasoma saa tatu na nusu, kumbe kwetu ni saa mbili na nusu. Ongeza hapo kizungumkuti chetu cha kila siku, ambapo ofisi ya basi inasema "saa tatu usiku", tiketi ya treni inaandika 22:00, na shangazi anahesabu kwa vidole. Mkipanga kukutana, andikeni yote mawili: saa ya Kenya, na asubuhi au jioni. Na muulize waziwazi: hiyo ni saa ya meli au saa ya huku?

Treni

Treni ya SGR kutoka Syokimau hadi Miritini ilianza kubeba abiria mwaka 2017. Kwa mtu mwenye mtoto mdogo au mzazi mwenye magoti yanayouma, mimi bado naiweka mbele. Ya haraka hutumia kama saa tano. Ya asubuhi, ile inayosimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani, huchukua kama sita. Tangu Januari 1, 2024, nauli ya kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ni shilingi 1,500, na daraja la kwanza 4,500. Mtoto wa binamu alikuwa hajafika miaka mitatu, hakulipiwa.

Kwa kawaida kuna safari ya saa mbili asubuhi, ya saa tisa alasiri na ya saa nne usiku. Hakikisha tena unapokata tiketi, maana ratiba hubadilishwa.

Kukata tiketi ni kupitia *639# au tovuti ya Shirika la Reli, na unalipa kwa simu. Tiketi hubeba jina lako na nambari ya kitambulisho, na stesheni wanalinganisha. Nambari moja ikikosewa unaanza kujieleza mlangoni huku wenzako wakipanga mizigo chini inuswe na mbwa. Mizigo huwekwa chini kwa mstari, kila mtu anarudi nyuma, mbwa anapita. Shangazi alikuwa amebeba samaki wa kukaanga kwa ajili ya mwanawe. Mbwa alisimama kidogo hapo. Sote tukaacha kupumua. Akaendelea.

Kwa hivyo fika Syokimau angalau saa moja kabla. Ukitokea katikati ya jiji kuna treni ndogo inayounganisha na Syokimau, lakini uliza inaondoka saa ngapi, kwa sababu ukiikosa utalipia teksi ya Mombasa Road asubuhi, na hiyo si teksi ya mchezo.

Udhaifu wa treni uko mwisho wa safari. Ile treni ya zamani, iliyokoma mwaka 2017, ilikuwa taratibu kama konokono lakini ilikuleta hadi kisiwani, karibu na Mwembe Tayari. SGR inakuacha Miritini, bara, kilomita kama 15 kutoka mjini. Ukishuka utakuta matatu zinazokwenda mjini, tuktuk na teksi. Abiria mia kadhaa wanatoka mlango mmoja kwa wakati mmoja, na bei ya kwanza unayotajiwa ni ya mgeni. Tembea hatua chache, uliza watu wawili watatu, ndipo ukubali. Weka angalau saa moja na nusu kati ya kushuka treni na kusimama kwenye lango la bandari, kwa sababu barabara ya Changamwe na Makupa hushirikiana na malori ya makontena.

Treni ya saa nne usiku ina faida yake kwa asiyetaka kulipia chumba: inafika kabla ya alfajiri. Lakini usitoke Miritini gizani na mtoto mgongoni kutafuta matatu. Subiri kupambazuke.

Basi

Shangazi alitaka basi la usiku, na hoja yake ilikuwa nzuri kuliko nilivyokubali wakati ule. Basi linakuacha Mwembe Tayari, kisiwani, na kutoka hapo hadi bandari ya Kilindini ni safari fupi ya tuktuk. Hakuna Miritini, hakuna matatu ya pili. Unalala njiani, unaokoa pesa ya chumba.

Shida ni barabara yenyewe. Ni kilomita zaidi ya 480, na sehemu kubwa unafuatana na malori yanayotoka bandarini au kuelekea huko. Siku njema ni saa nane au tisa. Siku lori likianguka mahali, hakuna anayejua. Nauli nayo hupanda na kushuka na msimu. Tuliyotajiwa ilikuwa 1,300 kila mtu, na yule karani alituambia bila aibu kwamba wiki ya Krismasi tusimkumbushe bei hiyo.

Basi linafaa mtu mzima anayesafiri peke yake, mwenye mzigo mkubwa wa biashara ambao treni itamsumbua, na ambaye anafika siku moja kabla. Kufika na basi la usiku asubuhi ileile ya meli ni kucheza kamari. Wapo wanaoshinda.

Ukilipia basi, lipa kwa nambari ya Till au Paybill ya kampuni iliyobandikwa ofisini, si kwa nambari ya simu ya kijana aliyesimama nje akishika karatasi. Kabla ya malipo kukamilika, simu itakuonyesha jina la biashara. Lisome. Kama ofisi inaitwa jina moja na simu inaonyesha jina la mtu binafsi, acha, ingia ndani uulize.

Ndege na gari la nyumbani

Ndege nitaipitia haraka. Kutoka Nairobi ni chini ya saa moja angani, na uwanja wa Moi uko Port Reitz, bara, kwa hivyo bado utavuka Makupa. Ukikata mapema utapata bei inayokaribia daraja la kwanza la treni, ukichelewa utashtuka. Angalia bei inahusu mzigo gani. Muuza vinyago vya mawe ya Kisii hawezi kupanda ndege na kilo arobaini halafu apate faida.

Gari la nyumbani linavutia mkiwa wanne au watano. Piga hesabu ukiwa umekaa: gari dogo linalokwenda kilomita 14 kwa lita litahitaji kama lita 34 kwenda, na 34 kurudi. Zidisha na bei ya EPRA ya mwezi huo, ambayo hutangazwa tarehe 14. Halafu ongeza dereva aliyechoka. Bandarini hakuna mahali pa wewe kuegesha, utaliacha mjini na kulipia kaunti kwa simu, kisha utachukua tuktuk kama wengine.

Wanaotoka Diani au Ukunda wana hesabu yao. Kivuko cha Likoni ni bure kwa anayetembea kwa miguu, lakini kumbuka meli zote za Kilindini hupita mlango ule ule. Meli kubwa ikiingia au kutoka, feri husubiri. Yaani meli unayoiendea inaweza kukuchelewesha yenyewe.

Zile 4,800

Tulikubaliana treni ya Jumatatu saa tisa alasiri, tulale Mombasa. Nilimwambia shangazi nitakata tiketi jioni nikitoka kazini. Sikukata jioni hiyo. Wala kesho yake. Desemba, kazi nyingi, unajua.

Shangazi akaona nachelewa. Mtaani kwao kuna kijana ambaye kila mtu anamjua kwa sura, alisema ana mtu ndani ya stesheni, tiketi zimekwisha lakini yeye anazo, 1,600 kila moja. Shangazi akatuma 4,800 kwa nambari ya simu. Akaletewa picha ya tiketi kwenye WhatsApp, jina la mtu mwingine kabisa, na maelezo kwamba "watabadilisha mkifika". Akanitumia mimi picha hiyo akiwa na furaha. "Mwanangu, usijali tena, nimemaliza."

Niliiona usiku, nikampigia asubuhi. Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, kwa kusubiri asubuhi. Pesa ikitumwa kimakosa au kwa ulaghai, dakika ndizo zinazohesabu. Kampuni inaweza kuzuia kilichobaki kwenye akaunti ya aliyepokea. Haiwezi kuzuia kilichokwisha kutolewa kwa wakala. Tulipoomba kurejeshewa, akaunti ile ilikuwa na shilingi sabini.

Shangazi hakulia. Alisema tu, "Basi mimi nitabaki, nyinyi nendeni." Alikuwa ameweka pesa hiyo tangu Septemba.

Hakubaki, tulichanga. Lakini naomba uyashike mambo machache kutoka hapa, na uyapitishe kwa mzazi wako kabla ya msimu. Tiketi ya treni hukatwa na wewe mwenyewe au na mtu wa nyumbani, kwa kitambulisho chako, na malipo hayaendi kwa nambari ya simu ya mtu. Picha ya tiketi si tiketi. "Zimekwisha lakini mimi ninazo" ni sentensi ya kukufanya ukate simu. Ukigundua umetuma vibaya, usimpigie kwanza aliyepokea ukimwomba. Anza na ombi la kurejeshewa au huduma kwa wateja, papo hapo, ukiwa na meseji ya muamala, kwa sababu ukimpigia unamwambia awahi kwa wakala. Na kama ni ulaghai, peleka meseji hiyo polisi pia, upate nambari ya OB.

Nilipofungua *639# Ijumaa, treni ya Jumatatu alasiri ilikuwa imejaa. Ya saa mbili asubuhi ilikuwa na nafasi. Nikachukua.

Chumba, na pesa za mfukoni

Gesti ya kwanza tuliyopigia ilitaka amana ya elfu moja kwa nambari ya mtu ili "kushikilia chumba". Tukakataa. Ya pili, karibu na Mwembe Tayari, ikasema njooni tu. Tulilipa 1,800 kwa Till tukiwa tumeshakiona chumba na kuhakikisha maji yanatoka. Kulipa kwa Till mteja hakatwi ada. Kwa Paybill inategemea mwenye biashara amechagua nani abebe gharama, kwa hivyo soma meseji.

Usitoe pesa zote kabla ya safari, wala usiziache zote kwenye simu. Tuktuk na muuza mihogo wengi hupokea malipo ya simu, lakini mtandao ukikwama mbele ya lango la bandari huku askari anakuambia usogee, noti ya mia mbili ndiyo lugha. Njiani ndani ya Tsavo kuna sehemu simu hupoteza mtandao, basi kama una malipo ya kufanya, fanya kabla ya Mtito. Tulichanga kwenye simu moja na mtu mmoja akawa mlipaji, ambayo ni nafuu kuliko kutumiana mia mbili mia mbili na kukatwa kila mara, na pia ikawa rahisi kujua tumetumia ngapi.

Kwa wale wanaoenda kuuza: mgeni wa meli ana haraka na mara nyingi ana dola. Jua kiwango cha kubadilisha cha siku hiyo kabla hajauliza bei. Na dereva au mwongozaji akikulipa kwa niaba ya wageni, ujumbe unaouamini ni ule ulioingia kwenye simu yako. Ule anaokuonyesha kwenye simu yake hauna kazi kwako. Angalia salio.

Lango lipi?

Jumatatu usiku, saa nne na kitu, binamu akaandika. Zamu zimebadilishwa. Hatashuka mchana tena, amepewa 0930 hadi 1200. Nikamuuliza saa ya wapi. Ya meli. Hawajarudisha saa nyuma tangu Shelisheli.

Maana yake kwetu saa mbili na nusu asubuhi, na saa tano awe amerudi ndani. Mkewe alikaa kitandani akahesabu kimya kwa midomo, kisha akaweka kengele ya saa kumi na moja.

Kulipopambazuka nilitoka kununua chai na mahamri. Hapo Mwembe Tayari watu waliokuja kupokea wageni wao walikuwa wamesimama wakitazama barabara. Mabasi ya usiku yalikuwa hayajafika. Lori lilikuwa limelala katikati ya njia mahali fulani kabla ya Mariakani. Baadaye nilisikia yale ya kwanza yaliingia saa nne kasoro. Nilirudi na chai sikumwambia shangazi.

Tuktuk tuliyochukua, dereva aliuliza swali ambalo na wewe utaulizwa: "Lango lipi?" Bandari ya Mombasa ni ndefu. Ina malango upande wa kisiwani na mengine ng'ambo, upande wa Changamwe na Kipevu, ambako ni makontena. Jengo la abiria wa meli za watalii liko gati namba 1, upande wa Kilindini kisiwani. Sema "terminali ya meli za watalii, gati namba moja", na siku ya meli dereva atajua, kwa sababu yeye mwenyewe ametoka huko.

Ndani huingii bila kibali. Jamaa za mabaharia hungoja nje, na nje hakuna viti, hakuna kivuli cha maana, na askari hataki mkusanyiko mlangoni. Beba maji. Mpangie mtu wako kituo unachoweza kukitaja kwa maneno mawili, kwa sababu simu yake huenda haina laini ya Kenya na mtandao wa meli unaishia pale anapotoka. Sisi tulisema: ukitoka langoni, usisogee popote, sisi ndio tutakaokuona.

Alitoka saa tatu kasoro dakika kumi. Dakika ishirini zilikuwa zimeliwa na foleni ya ukaguzi. Mtoto alimtazama, akajificha nyuma ya bibi yake.

Tulikwenda Mama Ngina kwa tuktuk ileile, tukakaa chini ya mbuyu na mihogo ya kukaanga na madafu. Samaki wa shangazi alifunguliwa. Ilichukua karibu saa nzima na kipande kimoja cha mhogo kilichogawanywa mara tatu kabla mtoto hajakubali kupakatwa. Baada ya hapo hakutaka kushuka. Saa nne na nusu tulisimama, kwa sababu msimamizi wake wa zamu hana mchezo, na langoni ilibidi mkewe amtoe mtoto mikononi mwake kidole kwa kidole.

Neno kwa anayetaka kazi hiyo

Tukiwa pale nje ya lango, vijana wawili walimzunguka binamu wakiuliza aliingiaje. Mmoja alikuwa ameshatuma elfu ishirini na tano kwa "ajenti" ili awekewe nafasi. Binamu alimuuliza ajenti huyo amesajiliwa wapi, akajibu ana ukurasa wa Facebook.

Chini ya mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya imeuridhia, ajenti haruhusiwi kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Unaweza kujilipia pasipoti, cheti cha daktari na kitabu cha baharia. Ada ya "kuwekewa nafasi" haimo. Maajenti hupewa leseni na Kenya Maritime Authority, na makao yake yako hapo hapo Mombasa. Uliza kabla ya kutuma hata mia tano.

Jioni

Tiketi zetu za kurudi zilikuwa za Jumanne saa nne usiku, kwa hivyo tulikuwa na mchana mzima. Shangazi alilala. Saa kumi na moja na nusu tulirudi Mama Ngina, watu wakiwa wameanza kujaa kupunga upepo.

Ilipita saa kumi na mbili na dakika kama ishirini. Ukiwa Mama Ngina meli hupita karibu kuliko unavyodhani. Unaona madirisha, unaona watu kwenye roshani wakiwa na glasi. Feri zilikuwa zimesimama Likoni zikingoja. Binamu alikuwa ametuambia kwamba chumba cha kufulia kiko chini kabisa, hakina dirisha, na saa hiyo atakuwa kwenye zamu, kwa hivyo tusijisumbue kuja. Mtoto alikuwa amebebwa mabegani kwangu. Alipunga mkono kwa meli nzima, kuanzia mbele hadi nyuma, kisha akauliza kama tutakula mihogo tena.

Tukanunua ya shilingi hamsini. Yule mama hakuwa na chenji, tukamlipa kwa simu. Jina lake likatokea, shangazi akalisoma kwa sauti, yule mama akaitika, ndipo shangazi akaweka PIN.